Makofi yalikuwa mengi, mwezi uliofuata mapanga yakatoka: je, sanaa inaleta amani kweli?

Swali: Mimi ni kiongozi wa kikundi cha sanaa cha vijana katika kijiji kimoja wilayani Kilosa. Kila mwaka masika yakiisha, kwetu unaanza mvutano wa wakulima na wafugaji. Mwaka jana shirika moja lilitufadhili tukaandaa ngoma, ngonjera na igizo kuhusu amani. Uwanja wa shule ulijaa, mgeni rasmi akatusifu. Haukupita mwezi, ng'ombe wakaingia kwenye mahindi usiku, watu wakatoka na mapanga. Mmoja wa waliotoka na panga, ambaye pia alijeruhiwa, alikuwa amekaa mstari wa mbele siku ya igizo letu. Sasa shirika limerudi, linataka tufanye tena. Wenzangu wanasema tunajidanganya. Je, sanaa inaweza kubadili jambo kama hili au ni burudani tu? Na kama inaweza, tufanye nini tofauti?

Jibu: Ndugu yangu, poleni sana, na nakushukuru kwa kuuliza badala ya kupokea fedha na kurudia yale yale.

Nikujibu moja kwa moja. Sanaa inasaidia, ila haisaidii ikitumwa kuhubiri, na mwaka jana mliombwa kuhubiri. Watu wa Kilosa hawana shida ya kuambiwa kwamba amani ni bora kuliko vita. Tangu Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni walipouawa watu zaidi ya 30 katika mgogoro huu huu, hakuna mtu mzima wilayani kwenu asiyejua gharama yake. Wanachokosa ni mahali pa kusema yale ambayo mkutano wa kijiji hauyabebi: kwamba nimelima kwa mkopo na nikipoteza ekari moja mtoto haendi sekondari, kwamba lambo limekauka na njia ya ng'ombe imelimwa, sina pa kupita, kwamba kuna mtu alipokea fedha ili mifugo iingie. Kazi ya igizo ni kuyafanya hayo yasemeke bila mtu kunyooshewa kidole. Kazi ya mazungumzo yanayofuata ni kuyageuza kuwa makubaliano yenye mtu wa kuyasimamia. Ninyi mlifanya sherehe, watu wakafurahi, wakarudi nyumbani na yao moyoni.

Kabla ya kufika kwenye namna ya kufanya, ondoeni kwanza wazo kwamba sanaa kwa asili yake ni kitu cha amani. Rwanda, mwaka 1994, mwanamuziki Simon Bikindi alikuwa mtu maarufu, na nyimbo zake zilipigwa sana na redio ya RTLM wakati wa mauaji ya kimbari. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa hapa Arusha, ilimhukumu Desemba 2008 kifungo cha miaka 15. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani Juni 1994, akihimiza Watutsi wauawe. Nyimbo zenyewe hazikumfunga, lakini ni nyimbo zilizompa jina la kusikilizwa. Kwa hiyo anzeni kwa kukagua vitu vyenu wenyewe. Je, kuna wimbo kwenye ngoma yenu unaowakejeli wafugaji? Na katika igizo la mwaka jana, nani aliigiza mfugaji?

Nauliza kwa sababu nimeona jambo hili mara nyingi mno. Kijana wa upande wa wakulima anajifunga shuka, anashika fimbo, anaongea Kiswahili cha kuvunjavunja, na nusu ya uwanja inaangua kicheko. Muigizaji anadhani amepatia. Ukigeuka ukawatazama wafugaji waliosimama kule nyuma, wengi wao hawacheki. Wamekuja kusikiliza habari za amani, wamekuta wamefanywa kichekesho. Baada ya hapo mistari yote ya ngonjera kuhusu undugu haina kazi. Kama kikundi chenu hakina hata kijana mmoja wa kifugaji, msifanye onyesho lolote mpaka mumpate, na awemo tangu siku ya kutunga, asije kuvalishwa nguo siku ya mwisho. Ili mumpate itabidi muende Parakuyo au Twatwatwa, au popote wafugaji wa jirani yenu walipo, mkazungumze na laigwanan, yaani kiongozi wa jadi wa Wamaasai, na wazazi. Safari hiyo tu, hata kabla ya igizo, tayari ni sehemu ya kazi.

Sasa kuhusu ushahidi, maana wenzako wana haki ya kuutaka. Rwanda hiyo hiyo, mwaka 2004, shirika la Kiholanzi liitwalo La Benevolencija lilianza kurusha mchezo wa redio wa Musekeweya. Unahusu vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombana kwa sababu ya ardhi, na vijana wawili wanaopendana, Shema wa kijiji kimoja na Batamuriza wa kijiji cha pili. Hautaji makabila hata mara moja, lakini kila msikilizaji anajua kinachozungumzwa. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mzima watu waliousikiliza kwa vikundi, akawalinganisha na vikundi vilivyosikiliza mchezo mwingine wa redio uliohusu afya. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2009, yanafaa kukaa kichwani mwa kila msanii wa amani. Imani za watu za ndani hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni mambo mawili: wanavyodhani wenzao wanatarajia nini kutoka kwao, na wanavyotenda. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio na kanda za mchezo wake, zitunzwe kwa pamoja. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumwachia kiongozi wa eneo aamue nani atatunza. Waliosikiliza Musekeweya walibishana, wakapingana waziwazi, kisha wakatafuta namna ya kuzisimamia wenyewe.

Ukilielewa hilo utajua kwa nini yule jamaa wa mstari wa mbele alipiga makofi na bado akachukua panga. Ninyi mlikuwa mnajaribu kubadili moyo wake. Lakini usiku ule alipopigiwa simu kwamba ng'ombe wako shambani, hakuuliza moyo wake. Alijiuliza wenzake wanamtegemea afanye nini, na jibu alilokuwa nalo ni moja tu: mwanaume hutoka na panga. Kama angewahi kuwaona majirani zake, mbele ya macho yake, wakikubaliana kwamba simu ya kwanza inakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na ya pili kwa mzee fulani wa upande wa pili, angekuwa na jibu jingine mkononi.

Hata hivyo, usikimbilie kusema "basi tuweke mjadala baada ya igizo". Paluck huyo huyo alifanya utafiti mwingine mashariki mwa Kongo, uliochapishwa mwaka 2010. Huko baadhi ya wasikilizaji walisikiliza mchezo wa redio peke yake, na wengine waliongezewa kipindi cha kuwahimiza wajadili walichosikia. Waliohimizwa kujadili walizungumza zaidi, ndiyo, lakini wakawa na uvumilivu mdogo kuliko wale wa kwanza, na hawakuwa tayari kama wao kuwasaidia watu wa kundi wasilolipenda. Mjadala usio na mwongozo uliamsha malalamiko ukayaacha yakielea. Mimi naamini mazungumzo yanahitaji mtu aliyefunzwa kuyaendesha kuliko hata igizo linavyohitaji waigizaji hodari. Mkiwa na fedha za kumlipia mtu mmoja tu mafunzo, mlipieni mwezeshaji.

Namna ninayowashauri ni ile ya igizo linalosimama katikati na kuwaachia watazamaji waliendeleze. Anayejulikana zaidi kwa kuipa umbo ni Mbrazili Augusto Boal, aliyekuwa uhamishoni, akifanya kazi Peru mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe. Waigizaji walikuwa wanaonyesha shida ya mwanamke asiyejua kusoma ambaye mumewe alimpa karatasi azitunze, kumbe ni barua za hawara. Watazamaji wakawa wanashauri afanye nini mume akirudi. Mama mmoja alishauri mke azungumze naye kwa uwazi. Waigizaji wakajaribu, mama akakataa, wakajaribu tena, akakataa, mpaka Boal akamwambia apande jukwaani aonyeshe. Akapanda, akamcharaza "mume" kwa ufagio. Hapo ndipo ilipoeleweka alichomaanisha. Mkulima wenu akisema "tukae tuelewane", na mfugaji akisema "tukae tuelewane", hujui kila mmoja ana nini kichwani mpaka umwone akikitenda.

Kwenu ningelitunga hivi. Igizo fupi, dakika 20, lisizidi. Lianze mchana, kila upande nyumbani kwake: mke wa mkulima anahesabu magunia ambayo bado yako shambani na deni la pembejeo; kwa wafugaji, baba anamwambia kijana wa miaka 14 apeleke ng'ombe mtoni kwa sababu lambo limebaki tope. Kijana anakuta mapito ya zamani ya mifugo yamelimwa. Giza linaingia. Analala, ng'ombe wanasogea. Saa nane usiku mwenye shamba anaamshwa na mlio wa kengele za ng'ombe, anashika simu. Hapo mwezeshaji anasema: simama! Waigizaji wanaganda walipo. Anawageukia watu na kuuliza: nani hapa angeweza kufanya jambo tofauti, na ni wakati gani?

Angalia swali linavyoanza kurudi nyuma. Kwa kawaida mtu wa kwanza atasema mwenye shamba apige simu polisi. Mwambie apande jukwaani apige. Wanaomzunguka watacheka kidogo na kumuuliza kituo kiko umbali gani na gari lina mafuta au la. Wa pili atasema kijana asingelala. Apande, ajaribu kukaa macho na ng'ombe 60 peke yake. Wa tatu, mara nyingi mwanamke, atarudi mpaka mchana na kuuliza kwa nini yule baba hakwenda kuuliza kama njia bado ipo. Hapo mnaanza kuongea mambo yenyewe: njia, maji, tarehe za kuvuna, namba za simu. Mwezeshaji awe na mtu pembeni anayeandika kila pendekezo lililojaribiwa na lililogonga mwamba. Suluhisho la miujiza lisikubaliwe. Mtu akisema "basi wakasameheana", mwezeshaji amuulize kwa upole: mahindi yaliyoliwa atalipa nani, kwa kipimo gani, na nani atapima?

Msiigize tukio lililotokea kweli, hasa la mwaka jana. Kuna majeruhi, huenda kuna kesi, na kuna familia ambazo zitaona mnauza uchungu wao. Badilisheni msimu, majina, zao, hata mto. Watu watajitambua wenyewe. Na muwe na mtu mzima anayeaminika, muuguzi, sheikh au mchungaji, atakayekaa karibu na watu wanaoweza kuzidiwa. Kenya baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, wapiga picha wa Picha Mtaani walipopeleka mitaani picha za machafuko yale, waliweka pia mahema ya watu kuingia na kuzungumza. Kuna picha ambayo mtu hapaswi kuiona kisha akaachwa arudi nyumbani peke yake.

Haya si mageni kwetu. Miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kukaa na wanavijiji wa Malya kule Mwanza na wa Msoga mkoani Pwani. Hawakwenda na tamthilia mkononi. Walianza kwa kuuliza, wakachambua matatizo pamoja na wenyeji, wenyeji wakayatia katika sanaa zao walizozizoea, wakaonyesha, wakajadili, kisha wakapanga nani afanye nini. Mpangilio huo ndio ninaokueleza, na sehemu inayokatwa kila mara fedha zikipungua ni ile ya mwanzo na ile ya mwisho. Linabaki onyesho.

Kwa hiyo sehemu ya mwisho naomba niikazie. Makubaliano yanayozaliwa uwanjani lazima yapate pa kukaa. Bahati nzuri vyombo mnavyo. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na wasiopungua 3 ni wanawake. Waalikeni wote wakae kama watazamaji, si kama wageni wa meza kuu. Mapendekezo yaliyoandikwa yaende kwenye halmashauri ya kijiji na kisha mkutano mkuu wa kijiji, yaingie kwenye muhtasari, na yakifaa yawe sheria ndogo: njia ya mifugo ipite wapi, faini ya ng'ombe ni kiasi gani na stakabadhi anatoa nani, kamati ya kutathmini hasara ina watu wa pande zote. Kama kijiji hakina mpango wa matumizi ya ardhi, au upo kwenye kabati tu, igizo lenu linaweza kuwa sababu ya watu kuudai. Lakini muwe wakweli: igizo haliongezi ekari wala maji. Pale ambapo ardhi haitoshi, sanaa itawasaidia watu kugawana uhaba bila kuuana, na kuidai serikali kwa sauti moja. Zaidi ya hapo msiahidi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa kazi ya aina hii hauna hata jukwaa. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilikuwa zinapigana, na sokoni wanawake wa ukoo mmoja wakawa hawauzi wala kununua kwa wa ukoo mwingine. Mwaka 1992 wanawake wachache, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianzia pale pale: soko liwe la mwanamke yeyote. Waliweka watu wa kuangalia sokoni, wakishuhudia mtu anakataliwa kwa ajili ya ukoo wake wanaingilia. Kutoka hapo wakawaendea wazee, na wakawa waangalifu kuanza na wazee wa koo ndogo ambao hakuna aliyewaogopa. Mwaka 1993 wazee walifikia makubaliano ya Al Fatah. Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, miaka minne kabla ya kufariki.

Nakutajia hili kwa sababu kwenu pia kuna soko kama hilo. Mama wa kifugaji anayeleta maziwa asubuhi na mama wa kikulima anayeyanunua na kumuuzia unga wanaonana kila siku, hata wiki ambayo waume zao hawasalimiani. Hao ndio watunzi wenu wa kwanza. Kaeni nao kabla ya kukaa na wazee. Watawaambia kiangazi kitakuwaje mapema kuliko ofisi yoyote.

Limebaki la wenye madaraka, na hapa sitakuficha. Ukimruhusu kila mtu aseme, siku moja mtu atapanda jukwaani na kuigiza kiongozi anayepokea fedha ng'ombe wapite. Uwanja utanyamaza. Mjipange kabla. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya, waliigiza mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, wao wenyewe wakiurekebisha mistari na kujenga ukumbi kwa mikono yao. Serikali ilifuta kibali Novemba mwaka huo, Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa Desemba 31 na kuwekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Ninyi mnaishi hapo kijijini, hamna ndege ya kupanda. Chukueni kibali kwa afisa utamaduni wa wilaya, mwonesheni mwenyekiti na mtendaji muundo wa shughuli ili wasishtukizwe, na mwezeshaji asiruhusu jina la mtu kutajwa. Akitajwa mtu, arudishe kwenye igizo: "Tuzungumzie huyu wa jukwaani. Alipopokea ile fedha, nani alijua, na kwa nini alinyamaza?" Swali hilo linafika mbali kuliko jina, na halimpeleki mtu polisi. Lakini msilifute suala la rushwa ili kumpendeza mfadhili au mgeni rasmi. Mkilifuta, wafugaji na wakulima watabaki kulaumiana kwa jambo ambalo wote wawili wanalilipia.

Kuhusu shirika lililorudi, nendeni kwao na kalenda kabla ya kupeleka muswada wa igizo. Waambieni siku moja hamtaki. Mnataka Machi na Aprili za kukaa na watu pande zote mbili na kutunga, Mei ya maonyesho madogo, kitongoji kwa kitongoji, moja wakulima wakiwa wenyeji na jingine wafugaji wakiwa wenyeji, ili makubaliano yawepo kabla kiangazi hakijakolea. Kisha Agosti mrudi mkiwa na yale maandishi, muulize hadharani lipi limetekelezwa na lipi limeshindikana, na Novemba tena. Wakiuliza mtapimaje mafanikio, msiwape idadi ya watazamaji. Wapeni mara ambazo ng'ombe waliingia shambani na simu ikapigwa kwanza, faini zilizolipwa kwa stakabadhi, na kama yale maziwa ya asubuhi yaliendelea kuuzwa mwezi wote. Fulana, mahema na chakula cha meza kuu mnaweza kuviondoa kwenye bajeti bila hasara. Fedha yake iwe posho ya mwezeshaji na nauli za safari ya Agosti na ya Novemba, na mhakikishe imeandikwa kwenye mkataba kabla hamjasaini.